Modemu ya Milango Minne

Mimi ni mbishi, hilo silifichi. Nikishashika neno langu, kuniachisha ni kazi.

Ofisi yetu, chumba kimoja pale mtaa wa Kikuyu mjini, ilikuwa ikiwatumia wafugaji ujumbe wa simu kuwajulisha siku ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Chanjo ikishafunguliwa haingoji mtu. Mama mkubwa wangu wa kijijini Kolo alikuwa kwenye orodha. Nilimwandikisha mwenyewe, maana kuku ndio waliokuwa mifugo yake yote.

Ujumbe ulipitia modemu ya USB, yenye laini ya simu ndani. Kwa macho ni kifaa kimoja, unachomeka basi. Ila kompyuta inakiona kama milango minne: mmoja unapokea amri za kutuma ujumbe, mwingine wa intaneti, miwili iliyobaki ni ya mafundi wa kiwandani, hata ukiisemesha haijibu. Mimi wingi ule ulinikera. Nikaingia kwenye draiva, ile programu ya ndani inayoukutanisha mfumo wa kompyuta na kifaa, nikaificha mitatu, nikauacha wa tatu tu, ambao ndio ulikuwa wa amri.

Mwenzangu wa ofisini, dada wa Kondoa aliyenitangulia kazini, akaniambia, "Mdogo wangu, kazi ya draiva ni kufungua milango yote. Nani yuko ndani, iache programu yako ya juu, hiyo inayotuma ujumbe, iulize."

"Dada, modemu hizi zote ni zile zile."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama." Akaendelea na chai yake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Umeme ulikatika, ukarudi na nguvu, modemu ikaungua. Tukanunua nyingine, ganda lile lile, rangi ile ile. Kumbe ndani milango imepangwa upya: wa amri sasa ni wa pili, na mimi nimeshauficha. Programu yangu ikawa inaongea na mlango bubu, na kwa kuwa sikuifundisha kungoja jibu, ikaandika "umetumwa" mbele ya kila jina. Niliitazama orodha ile nikaridhika, nikaenda kula.

Mtaalamu wa mifugo alifika Kolo na kisanduku chake cha barafu, akakuta watu watatu. Wiki mbili baadaye mdondo ukaingia. Mama mkubwa alifukia kuku wake wote, na jogoo juu.

Nilipompigia alisema, "Simu nilikuwa nayo mkononi siku zote, mwanangu. Haikulia." Niliona aibu.

Draiva nikairudisha ilivyokuwa, milango minne wazi. Programu nikaiandika upya: ipige hodi kila mlango, mara tatu, kama tulivyolelewa, isipoitikiwa iondoke, iende mlango mwingine. Ikiitikiwa ndipo iseme shida yake, na isiandike "umetumwa" mpaka ijibiwe. Dada aliipitia mstari kwa mstari na hakunicheka. Heri angenicheka.

Chanjo iliyofuata, ujumbe ulikwenda kwa orodha nzima. Muda si muda mama mkubwa akapiga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Umefika," akasema. "Alhamisi asubuhi, nimesoma vizuri. Sasa mwanangu, nije na kuku yupi?"