Mafunda Matatu ya Dawa ya Mafua

Assalaam aleikum, wasomaji wa ukurasa huu. Naomba jina langu lifichwe, maana Bagamoyo ni mji mdogo na mama mkwe wangu ana masikio marefu. Nina miaka thelathini na moja, watoto watatu, na mume ambaye ameshaniacha mara mbili akanirejea. Imebaki talaka moja, nayo inaning'inia kwenye jambo la kijinga kabisa, dawa ya mafua.

Mume wangu anauza sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti wanaonunua Wazungu, lakini ukimsikiliza utadhani kazi yake ni sauti. Ndiye msomaji wa maulidi mtaani kwetu, na hakuna anayeipenda sauti ile kuliko yeye mwenyewe. Mwezi uliopita tajiri mmoja wa pembe za ndovu alihamia nyumba mpya, akamwalika asome baada ya sala ya alasiri. Siku mbili kabla, bwana akashikwa na mafua. Nikamchemshia tangawizi na asali. Akaisukuma kando, akasema hizo ni dawa za wapagazi.

Akaenda dukani kwa Mhindi, akarudi na chupa ya dawa ya Kizungu, anaizungusha mkononi kila aliyepita aione.

"Mhindi ananiambia kijiko kimoja cha chai, eti ina afyuni, inalaza," akasema huku anacheka. "Huyo ndiye wa kunifundisha mimi kunywa? Kinywaji ni mafunda matatu, ndiyo sunna."

Nikamwambia, "Baba watoto, hiyo sunna ni ya maji. Na hii inanuka mvinyo."

"Nyamaza. Umesoma wapi wewe?"

Basi nikarudi jikoni kwangu. Akapiga mafunda yake matatu asubuhi, matatu jioni. Mafua yalikauka, sitasema uongo. Mdomo nao ukakauka, akawa anajikuna mwili mzima, na chooni akawa anakaa muda mrefu kisha anatoka kama alivyoingia. Bado alijiona hodari.

Siku ya maulidi akaongeza mafunda mengine matatu kabla ya kutoka. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Alianza vizuri, kisha maneno yakaanza kuburuzika. Msomaji wa pembeni yake akapokea. Tulipofika kwenye kiyamu watu wote wakasimama kumswalia Mtume, mume wangu peke yake akabaki ameketi, kidevu kifuani, anakoroma. Walimtikisa, haamki, na mkoromo ukakatika. Nilidhani amekufa. Nilimlilia kweli pale nyuma ya pazia, na machozi yale nayajutia hadi leo.

Alipozinduka kesho yake hakuitaja chupa. Alisema nimemtilia limbwata kwenye kahawa. Mama mkwe akadakia, "Nilijua. Mwanangu hawezi kulala vile bure."

Sasa Ijumaa baada ya sala wazee wa pande zote mbili wanakutana. Nikikiri na kuomba radhi, ndoa inabaki, ila mji mzima utaniita mchawi, na nani atakuja kuwaposa binti zangu? Nikikana, ameapa atanipa ya tatu, na watoto watabaki kwa mama yake. Nikiitoa chupa, wazee watainusa, na hatasomeshwa maulidi tena maisha yake. Hilo analijua. Kwake yeye, ni heri mke aitwe mchawi kuliko bwana aitwe mnywaji. Mwanamume mzima anajificha nyuma ya kikombe cha kahawa.

Chupa ninayo. Nimeizika ndani ya mtungi wa mchele, mahali ambapo hajawahi kutia mkono tangu tuoane.

Leo asubuhi amepiga chafya mara nne. Amekuja jikoni, hakunitazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama watoto, ile dawa yangu haikubaki hata kidogo?"

Imebaki, ndugu zangu, tena ya kutosha. Niende nayo kwa wazee, niachwe, niwakose wanangu? Au Ijumaa nimpe chupa yake nisiseme neno, apige mafunda matatu, wazee wajionee wenyewe? Aliyelala hawezi kutamka talaka. Lakini je, kama safari hii hataamka? Nishaurini, maana Ijumaa ni keshokutwa na chafya zinaongezeka.