Parafujo Niliyoikaza Kuliko Akili

Niliwahi kuondolewa kwenye mashindano ya kulenga shabaha kabla sijafyatua hata risasi moja. Na aliyenichongea ni baba mkwe wangu mwenyewe.

Hapa kwetu Oklahoma kila anayesimulia mkasa huu ananiongezea ujinga. Jamani, niliokuwa nao ulitosha.

Wiki moja kabla ya mashindano ya wawili wawili, ambayo ningeshiriki na mke wangu Janelle, nilinunua mshikio mpya wa bunduki. Ule wa plastiki unaokaa kiganjani, nyuma ya triga. Unafungwa kwa parafujo moja. Moja tu!

Baba mkwe, mzee Delbert, ametengeneza bunduki miaka arobaini. Akanikuta gereji.

"Mkwe, kaza kwa mkono. Ikishashika, ongeza kidogo, uiache."

"Kidogo ni ngapi, baba?"

"Kidogo ni kidogo."

Nikacheka moyoni. Mzee hana namba!

Mimi nilikuwa nazo. Nilishinda mtandaoni siku tatu, nikisoma wanaume wazima wakitukanana juu ya parafujo hiyo utadhani wanagombea urithi. Mmoja alitaja namba kubwa kuliko wote, tena kwa herufi kubwa. Picha yake ilikuwa ya tai aliyevaa miwani ya jua.

Nikajua huyu ndiye profesa.

Nikanunua spana ya kupima nguvu ya kukaza. Nikapaka parafujo gundi isilegee. Nikakaza hadi mishipa ya shingo ikanitoka.

Ka!

Nikatabasamu. Nikajiambia hiyo ndiyo sauti ya kitu kilichokaa sawasawa.

Jumamosi tukafika uwanjani. Mkaguzi wa silaha alikuwa Bi Loretta, bibi mpole anayefundisha watoto kanisani.

"Wewe njoo kwanza, mwanangu."

Kwanza? Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu thelathini. Nikadhani sifa zangu zimenitangulia, nikapita kifua mbele.

Bi Loretta akahakikisha bunduki haina risasi. Akafunga swichi ya usalama, ile inayozuia triga isivutike, akautikisa mshikio mara moja.

Swichi ikalegea, ikajigeukia yenyewe. Springi ndogo ikadondoka kwenye changarawe.

Springi hiyo ndiyo inayoibana swichi, nayo inakaa ndani ya mshikio. Plastiki ilikuwa imepasuka palepale.

"Bunduki yako haina breki," akasema. "Nenda kakae."

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia mzee Delbert, aliyekuwa ananywa kahawa yake kwa raha zake.

"Baba, ulijua?"

"Ule mlio niliusikia nikiwa jikoni. Ulipotoka gereji nikaingia, nikauona ufa. Na funguo za kabati la bunduki ulizozitafuta siku zote hizo, nilikuwa nazo mimi hadi leo asubuhi, usije ukaifyatua. Leo nikamwambia Loretta aanze na wewe."

"Si ungeniambia mimi!"

"Nilikwambia kaza kidogo. Ukanijibu nini?"

Siku ile gereji nilimjibu, "Baba, dunia imebadilika." Nilikumbuka vizuri sana.

"Sasa ndiyo unidhalilishe mbele za watu?"

Mzee akamwonyesha Janelle, aliyekuwa kwenye meza ya pili akipanga risasi zake.

"Kwenye mashindano haya yeye anatangulia, wewe unamfuata nyuma na bunduki imejaa risasi. Ningekwambia nyumbani ungenibishia hadi leo. Yule ni mwanangu. Sibishani juu ya mgongo wake."

Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa. Niliutazama mgongo wa mke wangu.

Janelle akaja. "Kwa hiyo nacheza pamoja na nani?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Na mimi."

Wakashika nafasi ya tatu kati ya timu ishirini. Mimi nilibeba maji, na niliyabeba kwa ustadi mkubwa.

Nyie mnaoniuliza parafujo ya mshikio ikazwe kiasi gani, jibu ninalo. Kaza ishike, ongeza kidogo, uiache. Kisha kabla hujaniletea namba za yule tai, mtazame anayetembea mbele yako.