Kamba ya Mama na Springi za Pikapu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea hapa gereji kwangu, Musoma, kemshafti ya gari la mashindano, ile nondo ya injini inayosukuma valvu, kaifunga kwenye gazeti kama mkate. Nikamuuliza, "Na springi za valvu ziko wapi?" Akanijibu za zamani bado nzima. Rafiki yangu, nilicheka mpaka akanuna. Maneno hayo hayo aliwahi kuyasema baba, yakatuharibia nyanya gari zima.

Tulikaa Bugwema enzi hizo. Mama alilima nyanya, baba alizipeleka sokoni Bunda kwa pikapu, na mimi binti yao nilizifuta vumbi moja moja hadi vidole vikanuka majani mabichi. Pikapu ilikuwa mvivu mlimani. Baba akapata kemshafti kwenye gari bovu la mashindano, akaifunga mwenyewe na springi zile zile za zamani, akatamba kijiji kizima.

Tambarare tulipaa. Mlimani, alipokanyaga mafuta, injini ikaanza kukohoa na nguvu zikakata. Tulishinda juani siku nzima, nyanya za chini zikavuja maji. Mama hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu, "Soko lijalo tukikwama tena, nyanya zangu zitapanda lori la watu." Baba aliinamisha kichwa. Nilijua akinyimwa nyanya za mama, hana tena cha kubeba.

Ndipo akamwita fundi kutoka Bunda, mzee wa kofia nyeupe iliyojaa madoa ya oili. Alikuja na springi mpya, ngumu. Kutoa za zamani bila kufungua injini yote, alisema, kunataka kamba safi. Nyumbani kamba safi ilikuwa moja, ya pamba, ambayo mama alifungia matenga. Mama aliishika kwanza.

"Inarudi safi?"

"Inarudigi safi, mama," fundi akaapa.

Mimi ndiye niliyeiingiza kwenye tundu la plagi, kidogo kidogo, mpaka silinda ikajaa. Fundi akazungusha injini kwa spana, pistoni ikapanda na kuibana kamba chini ya valvu, zisidondokee ndani. Springi ya kwanza ilipotoka, akaipanga na mpya kichwa kwa kichwa kwenye jiriwa, chuma chake cha kubania, akakaza. Ya zamani ikabonyea yote. Mpya ilitikisika tu.

"Kemshafti hii inasukumaga valvu mbali, tena haraka," akamwambia baba. "Springi imechoka, haiwahi kuirudisha."

Baba akaokota spana kumsaidia. Nilimhurumia sana.

Siku ya soko mama alikaa mbele, mkono mlangoni, tayari kushuka. Mlima ukaanza. Baba akakanyaga mafuta, injini ikanguruma bila kukohoa hata mara moja, tukafika juu. Mama akautoa mkono mlangoni, akachagua nyanya nzuri kuliko zote, akampa baba.

Pikapu ilishauzwa chuma chakavu. Fundi katangulia, baba naye. Njia ya mlima ule ina lami sasa, magari yanapita bila habari. Nawakumbuka wote wawili kila ninapokaza jiriwa.

Jana kijana alirudi na springi mpya. Nilimpa ncha ya kamba, nikamwambia aingize taratibu, na nilifurahi kuona mikono yake haina papara. Tulipokuwa kwenye silinda ya pili mama akapiga simu kutoka Bugwema, nikamweleza tunachofanya.

"Inarudi safi?"

"Inarudigi, mama."