Suti ya Sindano

Fundi yule hakati kitambaa mpaka apime mara mbili. Hata mama yake mzazi akileta gauni, husimamishwa katikati ya chumba, mikono juu, kama mshukiwa. Mtu mmoja tu alimshonea bila kumpima, na huyo ndiye aliyemponza.

Walikuwa watatu: yeye, Mbishi, na Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake. Fundi alipokuwa anajifunza ushonaji, alijaribia kwenye miili ya hao wawili; walisimama na fulana zilizotoboka, wakicheka futi ilipopita kwapani. Mwaka waliomaliza shule walibeba matofali wiki tatu, wakanunua kitambaa cha bluu iliyokolea. Wakala kiapo: wa kwanza kuoa, hiyo ndiyo suti yake, fundi ataishona, na wawili waliobaki watasimama kando yake. Ujana bwana, mtu huona kesho ni mali yake.

Miaka kumi na mitatu kitambaa kilikaa sandukuni, kikinuka dawa ya mende. Mbishi alipata lori, akapotelea barabarani. Simu yake siku hizi huita tu. Sindano alipata ofisi na kiti cha kuzunguka. Fundi alibaki na cherehani ileile, chumba kilekile, na hiyo siku moja ya kusubiri. Hakuwa na kingine, na alijua.

Sindano alipopiga simu kusema anaoa, fundi alikurupuka hata pini zikamwagika. Akamwambia suti amwachie yeye.

"Basi nije unipime," Sindano akasema.

"Nikupime nini? Mwili wako naujua kuliko mama yako."

Sindano akasema sawa.

Alishona siku sita. Hakuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, maana aliyekuwa akimshonea alikuwa kichwani mwake, kifua inchi thelathini na nne. Walikuwa hawajaonana miaka mitano, lakini hilo hakulitia maanani.

Asubuhi ya harusi, koti halikukutana hata kidogo tumboni. Sindano akabana pumzi, akajaribu tena kwa ajili ya rafiki yake, mshono wa mgongoni ukalia. Hakushangaa. Nyuma ya mlango ilining'inia suti nyingine, nyeusi, ya dukani, na kitandani alikaa mwenzake wa ofisini, amevaa inayofanana nayo, ua tayari kifuani.

"Sikutaka kukuvunja moyo, ndugu yangu," Sindano akasema.

Fundi akajibu hamna neno, akamfunga tai kwa mikono yake. Harusini alikaa safu ya nne, kati ya mashangazi wawili wasiomjua. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, husema watu. Sijui aliyebakiwa na yaliyopita tu agange nini.

Aliporudi nyumbani alilitoa daftari la vipimo, akafungua ukurasa wa Sindano, akaikata ile thelathini na nne. Akataka kuandika namba mpya pembeni. Hakuwa nayo. Hata leo, alipomshika shingo akimfunga tai, hakumpima.