Dakika Hamsini za MmaPono

MmaPono mwenyewe ukimuuliza atakwambia hana la kusimuliwa. Uongo mtupu. Mwanamke aliyefundisha darasa la pili miaka ishirini na minane pale Mahalapye, akastaafu, akarudi shule uzeeni kusomea unasihi, kisha akageuza chumba cha mwanawe kuwa ofisi ya kusuluhisha nyumba za watu kwa simu, huyo ana mengi. Nitayasema mimi, maana ndimi niliyemharibia kikao chake.

Kwenye simu ya video unamwona nadhifu: blauzi ya kanisani iliyopigwa pasi, hereni, miwani. Huko chini ni blanketi na slipa za manyoya. Najua kwa sababu siku moja alisimama kumfukuza mbuzi wa jirani aliyekuwa akitafuna pazia dirishani, tukaona yote. Akarudi, akaketi, akasema tuendelee, wala hakucheka. Na mezani ana saa ya jikoni, ile ya kuzungusha. Anaitega dakika hamsini. Kengele ikipigwa, hata kama machozi yanakutiririka, kikao kimekwisha, mpaka Alhamisi ijayo.

Mimi ni muuguzi, mjini Kanye. Mume wangu Oganne anaendesha lori la mgodini, Jwaneng, kwa zamu. Akiingia yeye, natoka mimi. Watoto tulikuwa tunapokezana getini, na ujumbe tunaachiana kwenye mlango wa friji: gesi imekwisha, mdogo anakohoa. Ndiyo maana tulimtafuta mnasihi wa simu. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni mimi nilijifungia stoo ya mashuka hospitalini, Oganne akakaa kwenye gari lake huko kazini, na MmaPono akatukutanisha.

Tulikaa naye vikao vitano. Alikuwa na maswali yake kwenye daftari, akayauliza moja baada ya jingine. Nani anapika, nani anawaogesha watoto, mara ya mwisho mlicheka lini. Oganne alijibu ndiyo Mma, hapana Mma, sawa Mma, yaani mama, kwa heshima zote. Nilitamani kumvuta ulimi kwa koleo.

Lakini hata mimi sikuwa mkweli. Kilichokuwa kinanila hakikuwa zamu, kilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi ya mapumziko Oganne aliondoka alfajiri, akisema anakwenda kwa ng'ombe wake, kambini huko porini. Zamani alirudi na ndoo ya maziwa ya mgando na viatu vimejaa samadi. Sasa alirudi mikono mitupu, na viatu safi. Viatu safi, jamani, mtu ametoka zizini! Nikajua kuna mwanamke. Nilishampa umbo, nikampa na duka la nywele.

Sikuuliza. Siku ya harusi yangu wanawake wa ukoo walinikalisha chini, wamejifunga shali zao, wakanifunda: mume akirudi usimuulize ametoka wapi. Mpe maji, mpe chakula, nyamaza. Nikanyamaza miezi kumi na minne, roho inachemka. MmaPono naye sikumwambia. Wiki ile ya sita nikaamua basi, nachukua wanangu narudi kwa mama yangu, huko Serowe.

Ila kwetu mwanamke harudi kwao kimyakimya. Lazima mjomba wake ajue. Nikampigia mjomba Keoagile, mchanja ng'ombe mstaafu, mtu ambaye hajawahi kufupisha habari tangu azaliwe. Akasema hawezi kunipokea bila kwanza kumsikia mkwe wake. Nami, bila kumwambia MmaPono wala Oganne, nikamuingiza kwenye kikao.

Tulichokiona kwenye simu kilikuwa dari na ukingo wa kofia. Sauti ikaanza kusalimu. Akamuuliza MmaPono ameshindaje, ni binti wa nani, ukoo wao unamheshimu mnyama gani. Alipojua ni mtu wa Shoshong, akamkumbuka baba mdogo wa MmaPono na fahali wake aliyekuwa na pembe moja. Akahamia mvua. Mvua ya Mahalapye, ya Serowe, ya mwaka jana ambayo haikunyesha. Dakika kumi na saba zikaenda. MmaPono alikuwa anaitazama saa yake, midomo ameibana. Mwishowe akasema kwa adabu, "Mzee, naomba sasa tuingie kwenye jambo lenyewe."

"Tunaingia, binti yangu. Mkwe bado sijamsalimu," mjomba akajibu. "Mkwe, umeshindaje? Kazi inaendaje? Na ng'ombe, hawajambo?"

 Nilimwona Oganne akishika usukani wa gari lililozimwa.

"Hakuna ng'ombe, Mjomba," akasema. "Walikufa kwenye ukame. Wote kumi na mmoja."

Mjomba akaivua kofia. Nami kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikauliza, "Sasa Jumamosi unakwenda wapi?"

"Kulekule. Nakaa kwenye gari, kando ya zizi. Nikibaki nyumbani watu wataniuliza mbona siko kwa ng'ombe. Na wewe ungejua umeolewa na mtu asiye na kitu."

Akalia. Mwanamume mzima, na kofia ya mgodi kichwani. Mimi nililia kwenye rundo la mashuka, kwa huruma, kwa aibu ya yule mwanamke niliyemtunga, na kwa hasira pia, maana miezi kumi na minne si mchezo. Nilimwambia yeye ni mjinga, na mimi mjinga zaidi, na kwamba siendi Serowe. Hapo kengele ikapigwa. Mjomba akauliza kama kuna kitu jikoni kinaungua. MmaPono akaichukua ile saa, akaitia kwenye droo, akaifunga. Kikao kile kilikwenda mpaka betri yangu ikaisha.

Baadaye alinipigia peke yangu. Nilidhani atanigombeza kwa kumletea mjomba bila taarifa, na alinigombeza kweli, kimwalimu. 

"Vikao vitano, Mma," kisha akasema. "Nimewauliza kila kilichomo daftarini. Kumsalimia mtu vizuri, nilikofundishwa na mama yangu, nikaona kunanipotezea muda."

Siku hizi anasalimia. Mvua, watoto, wazazi, mifugo, ndipo afungue daftari. Wateja wengine wanalalamika, na anawaambia watafute mwingine. Saa imerudi jikoni kuchemsha mayai.

Mjomba naye alimkabidhi Oganne mitamba wawili awachunge, kama ilivyo desturi yetu, ndama wa kwanza awe wake. Sasa Jumamosi jioni anaingia na samadi mpaka sebuleni, kwenye zulia langu. Namgombeza mpaka watoto wanacheka. Kisha namuuliza ametoka wapi, ingawa naona mwenyewe, kwa kuwa napenda kumsikia akinijibu.