Kilomita za Kapedo

Nilimpiga bosi wangu kwa stepla Ijumaa mchana, ofisini Lodwar, na hadi leo sijutii. Damu ilimtoka kwenye nyusi ikadondokea kitabu cha safari, kile alichochana kurasa za wiki mbili kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wa kodi walikuwa waje Jumatatu kukagua malori: kila safari, kilomita za kuondoka na za kurudi. Wiki hizo mbili lori letu moja lilikuwa likienda Kapedo, njia inayoviziwa na wezi wa mifugo, kwa kazi ambayo bosi hakuitangaza kwa watu wa kodi. Safari ya mwisho dereva wetu akapigwa risasi akiwa kwenye usukani. Bosi, aliyekuwa nyuma kwa pikapu, alimtupa marehemu kando ya barabara na kuondoa lori kabla polisi hawajafika. Akawaambia dereva alikuwa likizo. Sasa mtu wa likizo anatafuta nini njia ya Kapedo, tena na risasi kifuani? Kijijini kwa dereva, Lorugum, watu wakajijibu: alikwenda kuiba mifugo. Wanawe wakaitwa watoto wa mwizi.

Mimi karani nilijua. Damu ya kiti niliiosha mimi. Nilinyamaza kwa woga wa kufutwa kazi.

Bosi aliniagiza nijaze kurasa upya, kilomita zote ziwe za Kakuma. Nikajaza! Kisha nikazipeleka huko Kakuma, kambi ya wakimbizi, kwa mteja wetu, mama wa Sudan Kusini anayeuza unga, asaini kwamba alipokea mizigo.

“Gari haikuja,” alisema. “Huyo dereva alinipigia simu. Alisema, mama ngoja, mimi iko Kapedo. Sasa nisaini alikuwa mwongo? Na amekufa?”

Akachana kurasa zangu zote na kunifukuza na mwiko wa ugali. Mgongo uliniuma njia nzima hadi Lodwar. Nilipomwambia bosi siandiki tena, alinizaba kofi. Stepla ilikuwa karibu.

Jumatatu bosi, plasta usoni, alimwambia mkaguzi kwamba kurasa zililiwa na mchwa. Mchwa gani hao wanaochagua wiki? Nilimpeleka mkaguzi kwenye lori. Marehemu alikuwa na desturi yake: kila tundu la risasi mlangoni aliliandikia kwa ndani mahali na kilomita. Kwa kilomita zake, matatu yalikuwa ya wiki zile, yote Kapedo. Mkaguzi akayanakili moja moja.

“Na hili halina maandishi?” aliuliza.

“Hilo ndilo lililomuua.”

Akaniambia niandike maelezo. Niliandika yote, na kiti nilichoosha.

Nakala niliipeleka Lorugum kwa mjane. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake. Hakulia.

“Usisome hapa,” alisema. “Kuja kwa maji. Soma na nguvu.”

Kwenye bomba wanawake walikuwa wengi. Nilisoma kwa sauti kwamba siku ile alikuwa kazini, kwamba alifia kwenye usukani, kwamba mimi nilijua. Kabla sijafika mwisho, mjane alikuwa ameshatua mtungi na kumkamata shanga za shingo mwanamke aliyekuwa wa kwanza kumwita mumewe mwizi, anamwangusha matopeni. Wanawake wengine walinipigia kelele niwatenganishe. Nilijifanya bado nasoma.