Shanga za Mrihani

Mwaka ule wa mvua za El Nino, maji ya Tana yaliingia dukani kwetu Garsen bila hodi, nami nikayakasirikia kana kwamba yalinikusudia mimi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, begi langu la safari ya Mombasa limefungwa wiki nzima, na barabara ya Malindi imekatika baada ya Minjila. Sikutulia. Nilikula nimesimama, na mtu akiniuliza neno nilimjibu nikiwa nimeshageuka.

Baba alikuwa akipandisha magunia ya unga juu ya meza, kamba ikanasa shingoni mwake, kanthi yake ikakatika. Kanthi ni mkufu mwembamba wa shanga za mti, ambao guru, yaani mwalimu wa dini, humfunga mwanafunzi siku anapomkubali na kumnong'oneza maneno yake sikioni. Baba alifungwa yake akiwa kijana, kule India. Guru huyo naye alifungwa na wake, na yule na wake. Kila alfajiri Baba aliwataja wote kwa mpangilio, nami nilikuwa nimewahifadhi bila kutaka, kama vituo vya basi la Malindi. Nilipapasa kwenye tope nikapata shanga nne tu.

"Basi," alisema Baba, akaketi. Kwa desturi ya wanafunzi hao wa guru, aliyekatikiwa na kanthi hali wala hanywi mpaka avae nyingine.

Baba alikuwa mgonjwa wa kisukari. Nilimwambia guru mwenyewe angekuwepo angemwamuru ale.

"Pengine," alisema. "Lakini hayupo, na aliyeahidi ni mimi."

Nikatoka nje nikiyapiga maji mateke. Niliogopa atakufa, na mimi nikiogopa hugomba. Tena nilikuwa na langu moyoni. Nilipokuwa na miaka kumi na sita guru alikuja Mombasa, tukapanga foleni mimi na Baba ili nami nifungwe kanthi. Zamu yangu ilipofika nilitimua mbio hadi barabarani. Baba hakulitaja jambo lile hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku ya pili midomo yake ilikauka na mikono ikaanza kutetemeka. Nilijificha tena nyuma ya magunia nikala biskuti, kama jana yake, kisha nikaondoka kwenda kutafuta mti. Shanga hizo huchongwa kwa tulsi, ambao majirani zetu huuita mrihani. Wa kwetu ulikuwa umeozea uani chini ya maji. Lakini jirani yetu, mama mmoja mtu wa Kipini, alikuwa ameupandisha wake juu ya ukuta, ndani ya debe.

"Hata mai hanwi?" aliniuliza.

"Hata maji, mama."

Alivunja shina kuukuu lililokauka, akanipa. "Huu nlipowa na mama yako, Mngu amrehemu. Alinambia mbeu zake zalitoka uani kwa huyo mwalimu wenu."

Sikuwa najua. Mama alikuwa amekufa miaka mitano kabla, naye hakuniambia. Au labda aliniambia nikiwa mlangoni natoka.

Nilichonga kwa kisu cha kukatia sabuni, nikatoboa kwa msumari uliopashwa moto jikoni. Kipande kikipasuka nilitukana, halafu nikikumbuka kinakwenda kukaa shingoni mwa nani, nilinyamaza. Vidole viliungua. Kufikia alasiri mkufu ulikuwa tayari, umepinda, shanga hazilingani, nne kati yake za zamani.

Baba aliunusa. Aliuweka mbele ya picha ya guru, akawataja wote kuanzia wa kwanza, kisha akanipa mimi.

"Nifunge."

"Mimi sina guru, Baba."

"Najua. Mimi mikono yangu haishiki fundo."

Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena. Shingo yake ilikuwa imekonda kuliko nilivyodhani, nami nikaona haya kwa ugomvi wangu wote wa siku mbili. Nilimletea maji, nikampakulia wali na dengu. Alimega tonge la kwanza, akasita.

"Siku mbili umekula biskuti nyuma ya magunia, umesimama," alisema. "Nilikuwa nakusikia ukitafuna."

Akalitia lile tonge mkononi mwangu.

"Kaa, mwanangu. Sitakula mpaka ukae."

Nilikaa.